Feni Kumi na Mbili za Ukumbi wa Wazee

Mume wangu alifunga feni kwa miaka thelathini na moja, na ukinisikia nikisema "alifunga" usidhani amekufa. Yupo, amekaa hapo nje kwenye kiti cha plastiki anatazama wapita njia. Ila hafungi tena. Yeye hasemi kwa nini, na watu wa mtaani wanasema wasichokijua, basi nitasema mimi.

Wote walimwita Fundi. Hata mimi mkewe nilimwita Fundi. Binti yetu alipoanza shule aliulizwa jina la baba yake akajibu Fundi Feni, na mwalimu naye akaandika hivyo hivyo kwenye daftari. Ni mtu mfupi, mkavu, shingo yake imekakamaa upande mmoja kwa kutazama juu. Ukimkaribisha kwako hakuangalii usoni, anaangalia dari. Siku alipokuja kwetu kujitambulisha, mama aliniita pembeni akaniuliza kama huyu kijana ana kiburi. Nikamwambia hana kiburi, mama, anapima tu dari.

Kazi aliijua, hilo hata adui zake wanamkubalia. Akiingia chumbani anahesabu hatua, urefu kwa upana, ndipo anakwambia ununue feni ya mapanga marefu au mafupi. Amewahi kumgombeza mtu mwenye gari mbili kwa sababu alinunua kifeni cha mapambo akataka kipoze sebule nzima. Alikataa kuibana feni na dari, akisema ikibanwa inakosa hewa ya kuvuta, itazunguka bure na kula umeme bure. Feni ikiyumba alipanda ngazi, akabandika sarafu juu ya panga moja kwa utepe, akashuka kutazama, akapanda tena kuihamishia panga jingine. Alipanda na kushuka hivyo mpaka feni itulie, hata kama mwenye nyumba ameshachoka na anataka kula.

Na alikuwa na wimbo mmoja. "Feni haipozi chumba, inapoza mtu. Ukitoka, zima." Mimi nilikuwa nikiinuka kufuata chumvi jikoni, nikirudi nakuta imezimwa na yeye amekaa palepale anatoka jasho, eti kwa sababu upepo ulikuwa wangu. Nimegombana naye juu ya hilo mpaka nikachoka. Lakini umeme wetu ulikuwa unakwenda mwezi mzima pale ambapo wa majirani uliisha wiki ya pili, na jua likiwa utosini wageni wote walitaka kukaa sebuleni kwetu. Haki yake nampa.

Miaka miwili kabla hajaacha kazi macho yalianza kumwishia. Ya mbali aliyaona vizuri, ya karibu ndiyo yaliyomshinda. Hakusema. Nilimnunulia miwani ya kusomea, akaitia kwenye sanduku la vifaa chini ya koleo na nyundo, mpaka kioo kikapasuka. Nilipomuuliza alisema hakuna mtu atakayemshikia ngazi fundi mwenye miwani. Basi tukapata njia yetu, wala hatukuwahi kukaa tukakubaliana. Feni mpya huja na karatasi ya maelezo, maandishi yenyewe madogo kama mayai ya chawa. Akirudi jioni anaitupa mezani pale ninapochambua mchele na kusema, karatasi yao hiyo, wamejaza maneno matupu. Kisha anakwenda kunawa. Mimi naisoma. Akirudi nazungumza kana kwamba naongea na mchele: kumbe safari hii waya wa bluu ni wa taa, kumbe hii inataka skrubu nne, si mbili. Yeye anaguna, anasema najua. Hajui kitu. Kesho yake anaifunga sawasawa.

Nisiposema kitu, maana yake karatasi haina jipya. Tuliishi hivyo miaka miwili.

Sasa ikatokea feni ya jirani yetu, fundi cherehani. Fundi wangu alimbadilishia kapasita, kile kikopo kinachoianzisha feni, kazi ya dakika kumi, haina karatasi. Siku ya pili nilikwenda kuchukua gauni langu, nikasimama katikati ya chumba chini ya ile feni. Inazunguka, tena kwa kasi, lakini kichwani hakuna upepo na joto liko palepale. Nikatazama mapanga. Macho yalikuwa yamemdanganya, amepishanisha waya, feni inazunguka kinyume na kupeleka hewa juu badala ya kuishusha. Mume wangu mwenyewe alikuwa hapo mlangoni anapiga soga. Nikamwambia mbele ya wateja kwamba feni yake inakwenda kinyumenyume. Sikuwa na nia mbaya. Ulimi wangu ndivyo ulivyo, hauna breki. Wateja wakacheka.

Akanigeukia akasema, "Mama Watoto, wewe kaa na sufuria zako. Nani amekuita kwenye mambo ya waya?"

Wakacheka zaidi, na safari hii walinicheka mimi. Nilitoka pale bila gauni. Kesho yake asubuhi alikwenda kimyakimya kuugeuza ule waya, na hakuniambia. Aliyeniambia ni fundi cherehani, tena kwa kunong'ona, kama mtu anayetoa siri ya serikali.

Mimi na Fundi hatujui kupigiana kelele. Tunanuniana. Binti yetu alipokuwa nyumbani tulimfanya tarishi: mwambie baba yako chakula tayari, mwambie mama yako nimeshiba. Alipoolewa akatuachia paka, tukawa tunapitishia kwa paka. "Paka, mwambie huyo bwana maji yake ya kuoga yanapoa." "Paka, mwambie asante." Kwa kawaida siku ya tatu au ya nne mmoja wetu anashindwa, anacheka, yanaisha. Lakini lile la sufuria lilinichoma. Mtu nimemsomea miaka miwili nikimficha aibu yake, leo ananiuliza nani ameniita? Nikajiapiza kwamba kuhusu waya hatapata neno langu tena, si kwa mdomo wangu wala kwa mdomo wa paka.

Wakati huo alikuwa ameahidiwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kufanya. Kule juu barabarani kuna nyumba ya kulea wazee. Ukumbi wao wa kulala ni mrefu, una vitanda ishirini na nne, paa la bati, dari ya chini. Walikuwa na viyoyozi viwili vilivyonguruma mchana kutwa na feni kuukuu kumi na mbili, na umeme ulikuwa unawamaliza. Fundi ndiye aliyemwendea matroni, akamweleza kwa vidole: siku hizi kuna feni zinazokula theluthi tu ya umeme wa zile za zamani, ukizipanga vizuri juu ya vitanda wazee watapata upepo hata kiyoyozi kikizimwa. Kamati ilitaka kuleta mafundi wa kampuni, vijana wenye vyeti. Matroni akasema huyu huyu aliyeleta wazo ndiye atakayefunga. Fundi alirudi nyumbani siku ile akasimama sebuleni hajui aanzie wapi, kwa sababu tulikuwa tumenuniana. Mwishowe akamwambia paka. Paka akaondoka.

Siku ya sita ya mnuno wetu feni zilifika. Jioni akaweka karatasi mezani. Hakuitupa, aliiweka, na hakusema kuhusu maneno matupu. Akaenda kunawa.

Niliisoma. Mstari wa nne ulisema: usiunganishe feni hii na swichi ya kuzungusha ya ukutani, iondoe na uunganishe waya moja kwa moja, ikiunganishwa nayo, bodi ya ndani itaungua. Nilisoma mara mbili. Ule ukumbi naujua, nimewahi kwenda kufua mashuka kwa kujitolea. Swichi zile ziko mstari mmoja ukutani, kumi na mbili, za duara, zina namba sifuri mpaka tano, na wazee hawachoki kuzizungusha. Nilimjua na Fundi. Kwake feni bila swichi ya kuzungusha haikuwa feni, angeziacha pale pale na kuning'iniza mpya mahali pa kuukuu.

Nilijua yote hayo, nikaikunja karatasi mara nne, nikaiweka chini ya kopo la chumvi, nikatoka uani kuanua nguo. Nilimsikia akirudi. Nilimsikia akisimama mezani. Akakohoa kidogo. Mimi nikaendelea kukunja mashuka, moyoni nasema leo utanijua, leo sufuria imenyamaza. Nikajiambia kwamba kesho asubuhi, kabla hajatoka, nitasema. Asubuhi alipobeba ngazi nilikuwa macho, nimegeukia ukutani.

Ilimchukua siku tatu kuzifunga. Siku ya tatu, ambayo kwa mnuno wetu ilikuwa ya tisa, aliingia nyumbani uso wote meno, akasahau kwamba hatusemezani. Akaniambia mimi mwenyewe, si paka. Feni zote zinazunguka. Wazee wamepiga makofi. Kuna bibi mmoja aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, wote wanamwita Mwalimu, kitanda chake kiko chini ya feni ya tatu. Alimwita akamwambia, "Fundi, feni yako inanong'ona, ile ya zamani ilikuwa inabwata." Alilirudia neno hilo mara tatu wakati wa kula, na mimi nikacheka naye, mnuno ukaishia hapo.

Hapo ndipo ningesema. Bado bodi zilikuwa nzima, ilikuwa kazi ya asubuhi moja kuziondoa zile swichi. Lakini ili niseme "ondoa swichi" ilinibidi niseme nimejua tangu lini, na kwa nini nilinyamaza. Nilikuwa na furaha ya kusemezwa na mume wangu, sikutaka kuiharibu. Nikajiambia watengenezaji wana tabia ya kutisha watu. Mbona zinazunguka?

Zilizunguka siku kumi na moja. Kwa siku hizo matumizi ya umeme yalishuka mpaka matroni akampigia Fundi simu kumshukuru, na kwa ushauri wake wakaviuza vile viyoyozi viwili. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wanasema, lakini Fundi hakutia maji popote. Alikwenda kila jioni bila kuitwa, anatazama kama kuna inayoyumba.

Mwalimu alikuwa na kifua kibaya, upepo mkali ulimletea kikohozi. Kwa hiyo aliomba feni yake iwekwe namba mbili. Wenzake nao, huyu namba tatu, yule namba moja, kama walivyozoea maisha yao yote. Feni ya Mwalimu ndiyo iliyotangulia kuzima. Ilitoa harufu ya plastiki iliyoungua, ikasimama. Fundi alipanda, akapima waya kwa testa, umeme upo. Hakuelewa. Kesho yake zikazima mbili. Wiki ilipoisha zilikuwa zimebaki tatu, kisha hakuna hata moja. Ulikuwa mwezi wa joto kali kuliko yote, bati linalia mchana, na hakuna kiyoyozi, hakuna feni kuukuu, zimeshapelekwa kwa wauza vyuma chakavu. Wauguzi walikuwa wanawapepea wazee kwa vipande vya katoni, wakichoka wanabadilishana.

Fundi hakulala wala hakula. Alishinda juu ya ngazi anafungua na kufunga. Nilimpelekea chakula kule, nikamkuta amekaa kwenye kipago cha tatu, amepakata ile feni ya Mwalimu, anaitazama kwa mbali, mikono ameinyoosha, ndivyo alivyolazimika kutazama vitu. Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu nilifungua mdomo, nikasema, "Kula kwanza."

Mwalimu alizimia siku ya Jumatano. Wakamkimbiza hospitali, akakaa siku tatu, akafariki. Matroni alimwambia Fundi waziwazi, mimi nipo, kwamba moyo wa bibi yule ulikuwa umechoka miaka mingi na daktari alikwisha kuwaandaa. Huenda ni kweli. Sijui, na sitajua. Fundi alikwenda mazikoni akasimama nyuma ya watu wote, na alikuwa wa mwisho kuondoka.

Kamati ikawaita mafundi wa kampuni. Walifungua feni moja tu, wakanusa, wakatazama ukutani, wakajua. Tukaitwa kikao. Nilikwenda naye kwa sababu sikuweza kumwacha aende peke yake. Mwenyekiti, mzee mmoja aliyestaafu benki, alikuwa na nakala ya ile karatasi. Akausoma mstari wa nne kwa sauti, polepole, mbele ya watu tisa. Kisha akauliza nani aliisoma karatasi hii kabla ya kufunga.

Mimi nilikaa kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani. Kikulacho ki nguoni mwako. Nilihisi kama wote wananitazama, kumbe hakuna aliyenitazama.

Fundi akasimama. "Niliisoma mwenyewe," akasema. "Sikuielewa."

Mtaa mzima ulipata habari kabla hatujafika nyumbani. Ikawa fundi hajui kusoma, ikawa fundi ameua bibi wa watu, ikawa miaka yote thelathini alikuwa anabahatisha. Watu ambao feni zao zimezunguka miaka kumi bila kelele wakaanza kuzitazama kwa wasiwasi. Simu yake ikanyamaza. Nayo ilipolia, mara moja tu, hakupokea. Alilifunga sanduku la vifaa kwa kamba akaliingiza uvunguni mwa kitanda. Nyumbani akaacha hata kuzima. Nilikuwa naondoka sebuleni nikirudi nakuta inazunguka peke yake, na yeye yuko palepale hana habari. Hilo liliniumiza kuliko kilio.

Nilivumilia miezi miwili. Nilikuwa namwona anajila mwenyewe kidogo kidogo. Kila siku anarudia kuuliza, si mimi, anajiuliza yeye, ni vipi hakufikiria habari ya swichi, miaka yote hii, ni vipi. Na mimi nilikuwa na jibu mfukoni. Alikuwa anabeba mzigo wa watu wawili na nusu yake ilikuwa yangu. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitamzika huyu mtu nikiwa namwangalia. Pia niliogopa, sitadanganya. Miaka thelathini ya ndoa, niliogopa kwamba nikisema nitakuwa sina mume.

Ikawa mchana, baada ya chakula. Amekaa mezani, nami nimekaa mkabala naye.

"Fundi," nikasema, "ile karatasi niliisoma."

"Najua."

Nilidhani ni ile najua yake ya siku zote. Nikamwambia hapana, sikiliza, nilisoma mpaka mstari wa nne, niliuelewa, na nilinyamaza makusudi kwa sababu ya lile neno la sufuria. Yote niliyatoa, hata la asubuhi ile nilipogeukia ukutani.

"Najua uliisoma," akasema. "Nilikuwa mlangoni, nilikuona unaikunja. Nikangoja useme kitu."

"Kwa nini hukuniuliza?"

Alifikiri kwanza. Hakuwa na hasira usoni, ningeijua. Alikuwa kama anapima kitu.

"Kikaoni nilidhani uliupita ule mstari bila kuuona," akasema. "Maandishi madogo, na wewe umri unakwenda. Nikasema sitamwaibisha kwa hilo." "Siku zote ulikuwa unaninunia mimi, Mama Watoto. Sikujua unaweza kuinunia na kazi."

Nikaokota punje za wali mezani, moja moja.

Akaniambia hili libaki hapa ndani, kwa watu liache lilivyo, wanaosema hajui kusoma waache waseme, ameshazoea. Kisha akainuka, akachukua sahani yake na yangu akazipeleka jikoni, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Nikangoja aninunie. Nilingoja kwa hamu, nimejitayarisha kwa wiki, kwa mwezi, kwa kiasi chochote atakachotaka. Jioni ile aliniuliza kama mlango wa nyuma nimeufunga. Asubuhi akaniamkia kama kawaida, akasema mvua itachelewa mwaka huu. Tangu siku ile ananisemesha kila siku, kwa upole, kuhusu mvua, kuhusu paka, kuhusu bei ya sukari, na hajaninunia hata mara moja.